Unachonga Halafu Unamuuzia Nani?

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba wikiendi zako unachonga vinyago, swali la kwanza ni moja tu: "Unauzia wapi?" Mwambie huuzi, unachonga kwa kupenda tu, uone atakavyokuangalia. Kucheza mpira bila kulipwa ni sawa. Kwenda mazoezi ya kwaya kila jioni ni sawa. Lakini kuhangaika na gogo juani halafu usipate hata shilingi mia, hapo ndugu zangu unaonekana una walakini.

Basi mimi ndiye huyo mwenye walakini. Nina tezo moja, patasi tatu, nyundo ya mti, tupa na msasa. Ofisi yangu ni uani, Mbagala, Jumamosi mchana na Jumapili jioni. Wiki nzima kazi yangu ni maneno, na maneno ya gazeti kesho yake yanafungia maandazi. Gogo halina haraka hiyo. Ukiliacha Jumapili, Jumamosi unalikuta linakusubiri pale pale.

Gogo lenyewe ni la mwembe. Huku kwetu Temeke kila mtu anajenga, na anayejenga mara nyingi anaanza kwa kuangusha mwembe. Matawi yanakuwa kuni, shina linalala nje likimsubiri mtu wa mkaa. Ukiomba kipande unapewa, tena unasaidiwa kukibeba. Mwembe mbichi unachongeka vizuri, tatizo ni kwamba ukikauka haraka unapasuka. Dawa yake ni kupaka nta au rangi kwenye ncha mbili za gogo, maana huko ndiko maji yanakotoka kwa kasi, kisha unaliweka kivulini. Tezo inatoa vipande vikubwa mpaka ujue kichwa kiko wapi na mabega yako wapi. Macho na mdomo ni kazi ya patasi. Msasa unakuja mwisho kabisa.

Mpingo siugusi. Ule ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama, na unachukua zaidi ya miaka 70 kufikia ukubwa wa kuvunwa. Ndio huo huo unaotengenezewa klarineti huko Ulaya, na tangu Januari 2017 biashara yake kati ya nchi na nchi inasimamiwa na mkataba wa CITES. Mti wa namna hiyo muachie fundi.

Mafundi wenyewe wako Mwenge, Kinondoni. Huko ndiko nilikofundishwa kushika tezo, na mzee mmoja wa Kimakonde ambaye hukaa chini, gogo kalibana kwa nyayo, huku akipiga stori na jirani yake. Nilipompa shikamoo na kumweleza shida yangu, na yeye akauliza lile lile: "Utauza?" Nikamwambia hapana. Akacheka, akasema, "Basi wewe kijana ni tajiri."

Jamani, lile neno limenikaa kichwani. Mshahara wangu naujua mwenyewe, lakini mzee alikuwa anasema kweli. Mimi naweza kuchonga bila kumfikiria mnunuzi. Yeye hana nafasi hiyo.

Na siyo yeye peke yake. Wamakonde wengi walivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, na wengine wakaja wakati wa vita ya ukombozi iliyoanza 1964. Kwao walikuwa wanachonga mapiko, vile vinyago vinavyovaliwa kichwani katika ngoma za jando. Vinachongwa kwa mti mwepesi ili mchezaji aweze kucheza navyo. Hapa Dar walikuta wateja wa aina nyingine, wenye pesa na wanaotaka mpingo. Samaki Likankoa ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani, miaka ya 1950, kazi zake zikinunuliwa na mfanyabiashara wa hapa mjini, Mohamed Peera. Roberto Yakobo Sangwani anatajwa kwa mtindo wa ujamaa, ule mnara wa watu waliobebana katika gogo moja.

Nayakumbusha haya kwa sababu ya mama mwenye nyumba wangu. Siku kichwa kilipoanza kuonekana kwenye lile gogo la mwembe, alisimama mlangoni akaniambia taratibu, "Mwanangu, hicho kisiingie ndani." Jirani mlokole akanishauri nikichome moto. Jirani Mwislamu akanikumbusha kwa upole kwamba nyumba yenye sanamu malaika hawaingii. Imani ya mtu siichezei, na kinyago hakijaingia ndani. Lakini mama alikuwa anaogopa kitu kingine. Yeye aliona ushetani wa kale, wa mababu. Kumbe vile vinyago vya shetani vinavyomtisha pale Mwenge ni mtindo wa rika lake, uliokua humu humu Dar, ukiwa na mchongaji, dalali na mnunuzi. Wanasema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Sisi tunatishika kwa sababu tuliwaachia wengine wachonge na wengine wanunue, tukabaki kupita barabarani na kuangalia kwa pembeni.

Wenzetu Marekani wapo wanaochonga sanamu za tiki kwa magogo, mengine ya minazi na jamaa zake, kwa kujifurahisha tu, na kuziweka bustanini. Tiki siyo ya kwao. Asili yake ni visiwa vya Polinesia, na kwa Wamaori wa New Zealand Tiki ni binadamu wa kwanza katika masimulizi yao. Marekani iliingia kwenye mabaa tangu miaka ya 1930, ikawa pambo la mahali pa kunywea. Kuna ukosefu wa adabu kidogo hapo, sikatai. Ila nashangaa kitu kimoja: mtu wa California hamuogopi mungu wa jirani wa mbali, na mtu wa Mbagala anaogopa gogo la mwembe wa jirani.

Wakati huo huo vitu vyetu vina wenyewe huko nje. Mwaka 1984 liliibwa lipiko la Kimakonde kutoka Makumbusho ya Taifa hapa Dar. Likaja kuonekana Geneva, Uswisi, katika jumba la makumbusho la Barbier-Mueller. Majadiliano yalichukua miaka, na lilirudishwa Tanzania mwaka 2010. Miaka 26. Tulilidai kama taifa, na tulifanya vizuri. Sasa niambie, kati ya watu unaowafahamu ni wangapi wana kinyago sebuleni?

Tuwe wakweli. Wengi wetu tumefika Mwenge kwa sababu mbili: kumsindikiza mgeni, au kutafuta zawadi ya mtu anayesafiri kwenda nje. Na mafundi wanalijua hilo. Ndiyo maana ukizunguka pale unakutana na simba, twiga na Mmasai mwembamba mwenye mkuki, safu kwa safu. Nimezunguka sana, sijakutana na mama lishe. Sijakutana na bodaboda aliyelala juu ya pikipiki yake. Mti unachongwa sura ya anayelipa, na anayelipa siyo sisi.

Lile gogo langu ni konda wa daladala. Mkono mmoja juu, noti zimekunjwa katikati ya vidole, mdomo umeachama kama pango. Nilipomwambia mama mwenye nyumba kwamba siyo shetani bali ni konda, alikisogelea kwa mara ya kwanza. Akakizunguka. Akasema, "Kweli, mdomo ndio huu huu." Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Bado hataki kiingie ndani, lakini sasa wageni wake anawaonyesha.

Mzee wa Mwenge nilimpelekea picha. Aliitazama muda mrefu, akasema shingo ni nene mno, kisha akauliza kama watu wa Dar wanaweza kununua kitu kama hicho. Sikuwa na jibu la kumpa.

Nyie mnalo? Mshahara ukitoka, nendeni Mwenge bila mgeni. Ulizeni bei kwa Kiswahili, punguziwaneni kama kawaida, halafu mwambieni fundi awachongee mtu mnayemjua.