Ikikataa, Usisukume

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na kwetu mtu akionekana anatengeneza risasi mezani, majirani hawaulizi maswali, wanapiga simu. Kwa hivyo nilipoolewa Montana, kule Marekani, kilichonishtua hakikuwa theluji. Ni baba mkwe wangu, mzee mpole, ameketi gereji jioni akijaza risasi zake za kuwindia kama shosho anayechambua ndengu.

Huko ni halali, tena kawaida. Unachukua ganda la shaba lililotumika, unalisukuma kwenye kalibu lirudie umbo lake, unaweka praima mpya, kile kitufe cha nyuma kinachowasha, unapima baruti, kisha unakalisha kichwa cha risasi mdomoni. Mzee anatumia .30-06. Hiyo 06 ni mwaka 1906.

Kilichonivutia ni jinsi anavyofanya risasi ikikataa kuingia. Bolti inashuka nusu, halafu inagoma. Sasa, mkono uliolelewa Nairobi unajua dawa: sukuma. Mlango wa matatu, droo, foleni, vyote tunasukuma. Mzee hasukumi.

Sababu ni hii. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa psi 30 hivi. Chemba ya .30-06 inaruhusiwa kufika psi 60,000, na shavu lako liko hapo nyuma tu.

Kwa hivyo anaelekeza mtutu mahali salama, anaitoa risasi polepole, halafu anachungulia mtutu. Wakati mwingine kichwa hubaki kimekwama ndani na baruti inamwagika. Hapo ulengaji umeisha kwa siku hiyo. Hapigi nyingine nyuma yake ati iisukume itoke. Mtutu ulioziba unaweza kupasuka.

Uchunguzi anaufanya gereji, na hatumii risasi nzima kamwe. Anaanza na ganda tupu lililopita kwenye kalibu, halina praima wala baruti. Likikaza, basi shida ni ganda lenyewe. Huenda bega lake halijarudishwa nyuma vya kutosha. Anateremsha kalibu kidogo kidogo mpaka bega lirudi kama milimita 0.05, basi. Ukilirudisha sana, ganda hunyooka kila likipigwa, na mwishowe hukatika karibu na kitako.

Au ganda limerefuka. Kwa .30-06 mwisho ni milimita 63.35; likizidi, linakatwa. Hili ndilo analoliogopa zaidi. Mdomo wa ganda refu hubanwa mwisho wa chemba, unakishika kichwa kisitoke vizuri, na presha inapanda. Ubaya ni kwamba ukisukuma, itaingia.

Ganda tupu likiingia bila shida, anakalisha kichwa juu yake, bado bila baruti wala praima, analipaka lote wino mweusi wa maka peni, kisha analiingiza taratibu na kulitoa. Wino ukikwaruzika kwenye kichwa, basi kimekaa nje mno na kinagusa misokoto ya mtutu. Ukikwaruzika kwenye bega, kalibu ya kukalisha kichwa ilishushwa mno ikalifura. Yaani, risasi yenyewe inakuonyesha panapouma.

Na zile zilizokwisha jazwa? Anazifungua. Moja moja, ndani ya nyundo ya plastiki yenye tundu: anagonga, kichwa kinachomoka, baruti inamwagika ndani ya nyundo. Hajaribu kuzikandamiza upya zikiwa na uhai. Majira ya baridi yaliyopita zilikuwa arobaini. Mume wangu alisema, "Dad, zingine zinaingia ukikaza kidogo." Mzee hakubishana. Alivaa miwani yake ya usalama akaendelea kugonga mpaka saa nne usiku.

Binti yetu anataka kwenda kuwinda naye mwaka huu. Mama yangu, kwa simu kutoka Nakuru, aliniuliza kama nimerogwa: mtoto wa kike, bunduki, msitu, na mzungu mzee. Nilimwelewa. Mimi pia bunduki sijazipenda, na sidhani nitazipenda.

Lakini nilimwambia ataenda. Nilikuwa nimeketi kwenye ndoo gereji usiku ule, nikihesabu. Zote arobaini alizifungua, hata zile zilizoingia kwa kukazwa.