Joka la Mezani

Methali yetu husema kuwa kazi mbi si mchezo mwema. Sikatai hekima yake; walakini nimeona kuwa upo mchezo usioweza kuanza mpaka kazi nyingi iwe imekwisha kutendwa, na kazi hiyo ndiyo nitakayo kuieleza hapa.

Mchezo wenyewe ni wa vita vya mezani. Katika mwaka 1824, afisa mmoja wa Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo wa kuwafunzia maafisa wa jeshi, akiendeleza kazi iliyoanzwa na baba yake. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapa kitabu cha kanuni za kuchezea askari wa sanamu. Kisha mwaka 1983 ulitolewa Uingereza mchezo uitwao Warhammer, ambao majeshi yake ni ya hadithi: majitu, mazimwi, mizimu na majoka. Mchezaji hununua sanamu zake vipande vipande, akaziunga na kuzipaka rangi kwa mkono wake. Baadaye watu wawili hukabiliana mezani, wakipima mwendo kwa futi na kukata shauri la mapigano kwa dadu.

Askari wa kawaida wa mchezo huu ana kimo cha karibu sentimita tatu. Joka langu lilizidi shubiri moja. Lilikuja katika boksi, vipande vya plastiki vikiwa vimeshikamana na fremu zake kama matunda mabichi na vikonyo. Picha iliyokuwa juu ya boksi ilionyesha joka kijana, limetandaza mabawa, shingo juu, kinywa wazi. Mimi nilitaka joka zee, bawa moja limekunjwa, shingo imeinama, mfano wa mlinzi aliyekesha siku nyingi lakini hajaliacha lindo lake.

Kufuata picha hakuhitaji moyo, kukata kunahitaji. Joka lile lilinigharimu akiba ya miezi minne, na plastiki iliyokatwa haioti tena kama mkia wa mjusi. Tena, aliyelichonga alikuwa fundi kuliko mimi. Nilijiuliza kama nilikuwa na haki ya kuigusa kazi yake. Jibu nililolipata ni kwamba fundi yule aliiuza kazi yake katika vipande, si nzima. Na mtu akikuachia kuunga, amekuachia pia kuamua. Lakini aamuaye kuubadili uzuri alioukuta hana budi kwanza kuuelewa.

Kwa hiyo kabla ya kushika kisu nilikwenda kuwatazama popo. Bawa la popo ni mkono: mifupa yake ni vidole virefu, na ngozi imetandwa katikati ya vidole hivyo. Likikunjwa, vidole hukusanyika kama mbavu za mwavuli, na ngozi hulegea ikafanya mikunjo. Basi nikajua kuwa bawa la joka langu halikuweza kupindwa tu. Ilinipasa kuiondoa ngozi yote, kuibakiza mifupa, kuipanga upya, na kuifanyiza ngozi nyingine.

Kwa jioni tatu nilivishikiza vipande kwa nta na kuvitazama kutoka kila upande. Jioni ya nne nilichora mistari kwa kalamu ya risasi, nikakata kwa msumeno mwembamba. Kila kiungo nilikitoboa kwa keekee ndogo ya mkono, nikapitisha kipande cha waya wa shaba, kisha nikatia gundi. Kwa maana bawa kubwa ni zito, na gundi bila mfupa wa ndani huachia. Ngozi mpya niliifanyiza kwa donge la namna mbili, moja la manjano na moja la buluu, ambayo yakikandwa pamoja huwa kijani. Donge hilo hulainika kwa muda mfupi tu, na kesho yake huwa limekauka. Nililitandaza kwa kijiti kilicholowanishwa maji, lisije likanata, nikalikunja kama nilivyoona kwa popo.

Ikafuata rangi. Watu hudhani kuwa sanamu kubwa ni rahisi kupaka kuliko ndogo. Sivyo, udogo husitiri, na ukubwa hufichua. Kwanza nililipulizia joka rangi nyeusi mwili mzima, kisha nyeupe kutoka juu, ili nijue mwanga ungeangukia wapi. Rangi zilizofuata nilizipunguza kwa maji, nikapaka tabaka mbili nyembamba badala ya moja nzito, kwa sababu rangi nzito huyafukia magamba. Katikati ya magamba nilipitisha maji ya rangi nyeusi. Halafu niliifuta burashi kwenye kitambaa hata ikabaki karibu kavu, nikaipitisha juu ya magamba, yakang'aa kwenye ncha zake. Pengine msomaji atauliza: kwa nini kuchora kivuli, na taa iko chumbani? Ni kwa kuwa vivuli vya mwili mdogo ni vidogo mno kwa jicho la mtu. Mchoraji huvikuza ili sanamu ionekane kubwa kama inavyosimuliwa.

Kazi ilichukua wiki tisa. Katika vita vyake vya kwanza joka langu liliuawa zamu ya pili, maana dadu haitazami rangi. Lakini sheria ya mchezo ni kwamba kilichouawa huondolewa mezani, na aliyeliondoa alikuwa mpinzani wangu mwenyewe. Aliliinua kwa mikono miwili, taratibu, akaliweka kando mbali na ukingo wa meza, asije akalivunja bawa lililokunjwa. Kisha akasimama kidogo akilitazama, na zamu yake ikamngoja.