Chuo Kikuu Kilipofika Rutamba kwa Redio

Mara ya kwanza chuo kikuu kufika Rutamba, kijiji chetu cha Lindi, kilikuja kwa redio. Ulikuwa mwaka 1973, na kampeni yenyewe iliitwa Mtu ni Afya. Waandaaji wakuu walikuwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo wakati ule ilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa wiki 12 watu wazima nchi nzima walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kitabu, wakajadiliana, kisha wakakata shauri la kutenda. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamefundishwa kwanza, na waliohudhuria wakakaribia milioni mbili. Hakuna aliyeulizwa ana cheti gani.

Kikundi chetu kilikutana nyumbani kwa mjomba wangu, chini ya mkorosho mkubwa. Kwetu sisi Wamwera mjomba ana kauli, na huyu wangu alikuwa na redio pia, kwa hiyo kauli yake ilikuwa mara mbili. Siku ya kipindi alianika betri juani tangu asubuhi ili zipate nguvu, na ole wake mtoto aliyezisogelea. Jioni watu walikuja na mikeka. Walikuwamo wazee wa hapa hapa, walikuwamo akina mama waliotoka shamba na majembe yao, na walikuwamo pia Wamakonde wa Msumbiji kutoka makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa Rutamba katika miaka ya 1960 chini ya TCRS, shirika la kuhudumia wakimbizi. Wengine kati yao walijua kusoma Kireno lakini hawakujua kusoma Kiswahili, na mwalimu wa shule ya msingi aliyetuongoza alikuwa akiwasomea taratibu, akirudia, bila kuonyesha kuchoka.

Masomo yalikuwa ya maradhi tuliyoishi nayo: malaria, safura, kuhara damu, kifua kikuu, kichocho. Kwa kijiji kilicho kando ya Ziwa Rutamba, siku ya kichocho haikuwa na mchezo. Redio ilieleza kwamba mdudu anakaa kwanza ndani ya konokono wa majini, halafu anatoka na kumpenya mtu kwenye ngozi. Watu walitazamana. Sisi watoto tuliogelea mle kila siku, na mvulana kukojoa damu kulichukuliwa kuwa jambo la ukuaji tu.

Bibi yangu hakuridhika na maneno ya redio. Kesho yake alfajiri aliniambia, “Mjukuu wangu, chukua kifuu tuende.” Tulipofika ziwani aliyatenga matete kwa fimbo, akainama, akageuza jani moja lililolalia maji. Walikuwapo: vijikonokono vya kahawia, vidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, vimeshikamana upande wa chini. Akavikwangua kwa kijiti na kuviangushia ndani ya kifuu, asiviguse. Alivitazama muda mrefu, akikigeuzageuza kifuu mwanga ukiingia. Jioni ya kikao kilichofuata alikipeleka kifuu chake mbele ya mwalimu na kuuliza, “Mwalimu, huyu konokono anatuambukiza sisi. Na yeye aliambukizwa na nani?”

Mwalimu alifungua kitabu, akasoma kimya, kisha akajibu kwamba ni mtu anayekojoa ziwani. Palizuka kelele. Mzee mmoja alisema kumbe tunajiroga wenyewe. Usiku ule waligawana kazi ya kuchimba vyoo, na nchi nzima mwaka ule vilichimbwa vyoo kwa mamia ya maelfu. Takwimu za vyoo zimeandikwa sana na wataalamu. Mimi nililoliona ni bibi asiyejua herufi hata moja akifanya kazi ya mtafiti: kusikia, kutilia shaka, kwenda kutazama, kurudi na ushahidi, na kuuliza swali la pili.

Chanzo cha haya kilikuwa mbali na kwetu. Mwaka 1960 Chuo cha Makerere kilifungua Dar es Salaam tawi la masomo ya nje, kuwapelekea watu wazima mihadhara ya jioni ambayo hawakuhitaji kuacha kazi ili waihudhurie. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilianza na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964, na tawi lile la Makerere likawa taasisi yake. Mambo ya jioni ya mjini yangeweza kubaki ya mjini. Lakini Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na taasisi ilikuwa imeshaanza kujaribu vikundi vya redio kwa kampeni ya Kupanga ni Kuchagua mwaka 1969. Mtu ni Afya ilifuata, kisha Chakula ni Uhai mwaka 1975. Ni mwaka uleule wa Mtu ni Afya, 1973, ambapo Pierre Vellas, profesa wa Toulouse, Ufaransa, alianzisha chuo kikuu cha wastaafu, kisicho na mtihani wala shahada, na wazo lake likaenea duniani. Wanaosimulia historia ya elimu ya watu wazima huanzia Toulouse mara nyingi. Nataka chini ya mkorosho wa mjomba napo pahesabiwe.

Hata hivyo sitaupamba mwaka ule kupita kiasi. Masomo yalichaguliwa Dar es Salaam, na palikuwa na maswali yasiyopata nafasi. La mjomba lilikuwa la mifupa. Babu yake alikuwa miongoni mwa wapagazi wa Tendaguru, kilima kilichoko kaskazini magharibi ya mji wa Lindi, ambako Wajerumani walichimba mabaki ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha juzi tu, njaa bado iko majumbani, na watu wa huku walibeba vichwani na mabegani zaidi ya tani 200 za mifupa, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, mpaka bandari ya Lindi. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa mwenzetu, Boheti bin Amrani. Mnyama mmoja aliyetokana na mizigo ile alisimamishwa Berlin mwaka 1937, na kimo chake kinapita mita 13. Mjomba alikuwa ameambiwa na babu yake kwamba mfupa alioubeba ulikuwa mguu wa zimwi. Katika kikao kimoja, baada ya kipindi cha minyoo, aliuliza: yule alikuwa mnyama gani, alikula nini, na kwa nini hayupo tena?

Mwalimu alisema kwa upole kwamba hilo halimo katika kitabu. Mjomba akanyamaza. Alifariki mwishoni mwa miaka ya 1980 bila kujibiwa.

Kwetu wimbi la kisomo lilikuja baada ya kampeni. Jirani zetu wa Masasi walikuwa katika wilaya za mwanzo zilizopewa jukumu la kufuta ujinga kuanzia 1971, na nchi nzima ilipiga hatua ambayo watu wengi leo hawaiamini: waliojua kusoma na kuandika walikuwa kama theluthi moja ya watu wazima wakati wa sensa ya 1967, na ilipofika 1986 takwimu za serikali zilionyesha asilimia 90. Bibi yangu alijifunza kuandika jina lake katika madarasa hayo. Kisha ikaja hali ngumu. Vita vya Kagera, bei ya mafuta, maduka matupu. Betri hazikupatikana hata za kuanika. Darasa la jioni bila mafuta ya taa halina jioni, na vitabu vya maktaba ya kijiji vililiwa na mchwa kabatini. Hakuna aliyetangaza kwamba elimu ya watu wazima imekoma. Watu waliacha kuja, mmoja mmoja, na wakimbizi wengi walikuwa wamesharudi Msumbiji iliyopata uhuru wake mwaka 1975.

Mimi nilihamia Dar es Salaam kutafuta kazi, nikawa karani wa ghala. Jioni nilijiunga na madarasa ya watu wazima. Yalijaa, na wengi wetu tulikuwa tukisaka vyeti vya kidato cha nne, jambo la haki kabisa, maana cheti ndicho kilichopandisha mshahara. Lakini kulikuwa na mzee mmoja, fundi cherehani wa Kariakoo, aliyekuja kwenye historia peke yake na hakujiandikisha mtihani hata mara moja. Wenzangu walimshangaa. Mimi nilimwona bibi.

Mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria, na miaka michache baadaye kikaanza kufundisha watu wakiwa makwao, kwa vitabu na vituo vya mikoani, Lindi ikiwemo. Kwa sisi wa kusini hili lilikuwa jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya Dar es Salaam ilipita kwenye kivuko cha Rufiji, na masika yakichachamaa barabara ya Kibiti ilikatika, watu wakalala njiani na kuku wao. Kusoma chuo kikuu bila kuvuka Rufiji kulikuwa ukombozi. Nawajua walimu na wauguzi wa Lindi waliopata shahada kwa njia hiyo wakiwa na wajukuu, na ninawavulia kofia.

Kozi fupi zimeongezeka tangu hapo, na simu imezileta mkononi. Ukitafuta leo utaona za ujasiriamali, za manunuzi, za kuandika maandiko ya miradi. Zina faida. Lakini nilipostaafu na kurudi Rutamba niliomba kujiunga na kozi fupi ya mambo ya kale katika chuo kimoja, nikaulizwa cheti cha sekondari, kisha nikaulizwa mwajiri wangu ni nani na kozi itamsaidiaje. Sikuwa na mwajiri. Nilikuwa na swali la mjomba.

Na huku kijijini kuna posho. Semina ya leo watu huuliza kwanza ina shilingi ngapi, na siwalaumu, kwa kuwa kwa miaka mingi waliitwa kuhesabiwa kwenye ripoti za miradi ya watu wengine. Aliyekalishwa kutwa kwa faida ya mwenzake ana haki ya kudai nauli. Mwaka 1973 hakuna aliyelipwa kusikiliza. Kilichowavuta ni kwamba kikao kilikuwa chao, na lililozungumzwa lilikuwa ziwani mwao na tumboni mwa watoto wao.

Hapa ndipo linaponiuma. Wasomi hawajawahi kutuacha. Baada ya wachimbaji wa Tendaguru alikuja Mjerumani Hans-Joachim Schlieben, aliyekusanya mimea kando ya Ziwa Rutamba katika miaka ya 1930, na maandishi ya botania duniani yamejaa jina la ziwa letu. Msitu wetu wa Litipo unatembelewa na watafiti. Upo mti wa miiba wenye maua mekundu, Erythrina schliebenii, uliopewa jina la Mjerumani huyo. Uliwahi kuorodheshwa kuwa umetoweka duniani, kisha mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaukuta katika msitu wa Namatimbili, Kilwa. Habari ile ilikwenda mbali. Mimi niliisoma kwenye gazeti, na wazee niliowasomea walisikia kwa mara ya kwanza kwamba misitu ya pwani yetu ina miti isiyopatikana popote pengine duniani. Maarifa yanatoka huku kwa mzigo, hayarudi hata kwa kifurushi. Kozi fupi ya watu wazima ndiyo njia rahisi ya kuyarudisha: mhadhiri mmoja, wiki moja, ubao, na picha.

Sasa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimepata kampasi mkoani kwetu, ya mambo ya kilimo, kupitia HEET, mradi wa serikali wa elimu ya juu. Vijana watasoma, na Mungu awajalie. Sisi wazee tulikaa kikao barazani, tukaandika barua. Hatukuomba vyeti wala posho. Tumeomba kozi tatu: ya mifupa ya Tendaguru, ya miti ya Litipo, na ya ziwa lenyewe, pamoja na kichocho, ambacho hakijaondoka. Chakula na malazi ya mwalimu ni juu yetu, na kama hataki ming'oko, mizizi tunayochimba porini, tutampikia wali.

Tarehe ndiyo iliyotuchelewesha. Oktoba mpaka Desemba haiwezekani, watu wako kwenye korosho. Mei na Juni kuna ufuta. Akina mama wakasema wakati wa jando na unyago wasihesabiwe, kwani ndio wenye kazi. Tukachagua Septemba, kabla korosho hazijaanza kudondoka, na jioni tu, baada ya saa kumi. Waliojiandikisha wako kwenye daftari la mjukuu wangu. Wa kwanza ni mama mmoja mchimbaji wa ming'oko, mwenye swali analotaka liandikwe kando ya jina lake: kwa nini mzizi aliouchimba mwaka juzi umeota tena mahali palepale, na wa hatua tatu pembeni umekufa.