Moshi si dawa ya kifafa cha mimba

Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya jambo lililoleta ubishi mkubwa kwetu: sigara na kifafa cha mimba.

Wengi wetu tulitoka Uvira na Fizi, tukakaa miaka Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, kabla ya kuletwa hapa kambini. Kule Buyenzi tulipanga vyumba, familia nne tano kwenye ua mmoja, bomba moja, choo kimoja. Mimba ya mmoja ilikuwa mimba ya ua mzima. Mtu akivimba miguu, kila mmoja ana dawa yake. Wengine walisema uso ukivimba ni mtoto wa kiume. Wengine walisema kuanguka kifafa ni pepo. Na mabibi waliozoea kiko walisema: "Sisi tulivuta, tukazaa kumi, na hakuna aliyeanguka."

Maneno ya mabibi tuliyacheka tu. Lakini baadaye baba mmoja mpenda redio akaja nayo upya: eti waganga wa Ulaya wamehesabu, wakaona wanawake wanaovuta sigara hawapati sana kifafa cha mimba. Hapo kicheko kikaisha, maana uani kwetu alikuwepo dada mwenye mimba ya pili. Ile ya kwanza ilimpandisha presha mpaka mtoto akapotea. Sigara alikuwa ameshaiacha. Sasa mume wake akaanza kumwambia arudie kidogo, mbili kwa siku, kama dawa. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa kumzika mke wake.

Tukaenda na dada kiliniki, sisi wanawake wanne. Mkunga hakutucheka. Alituambia mambo mawili, na yote mawili ni kweli.

La kwanza, hesabu hiyo ipo. Tafiti kubwa zimeonyesha kwamba wavutaji hupata ugonjwa huu pungufu kuliko wasiovuta, na wataalamu bado wanabishana kwa nini.

La pili, hesabu hiyo haimwokoi mtu. Moshi wa sigara una hewa ya sumu inayokaa kwenye damu mahali pa hewa safi, na nikotini inabana mishipa. Mtoto anapungukiwa. Anazaliwa mdogo, au kabla ya siku zake, au anafia tumboni. Kondo linaweza kubanduka kabla ya wakati, damu ikamwagika, mama naye akaondoka. Na mvutaji akipata presha ya mimba, mtoto wake yuko hatarini zaidi, kwa sababu presha nayo inambania chakula kwenye kondo. Yaani unamfungia mlango mwizi mmoja, unawafungulia watano.

Basi tukamwuliza, dawa ni nini? Kwanza, ajulikane mapema nani yuko hatarini: aliyewahi kupata ugonjwa huu, mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa figo hata kabla ya mimba, mwenye mapacha, mwenye mimba ya kwanza, aliyepita miaka 35, au ambaye mama yake au dada yake aliupata. Mwenye hatari kubwa anaweza kupewa vidonge vidogo vya aspirini kila siku, vianze kabla ya wiki ya 20. Hivyo hatolewi na jirani wala hanunui mwenyewe dukani. Ni mganga anayeamua. Pale ambapo chakula hakina kalisi ya kutosha, Shirika la Afya Duniani linashauri wajawazito wapewe vidonge vya kalisi. Ndagala wanaoliwa na mifupa yao ni wazuri, lakini hawachukui nafasi ya vidonge.

Pili, presha ipimwe na mkojo upimwe kila mara ya kiliniki, maana ugonjwa huu unaanza kimya. Ikifika 140 kwa 90, uangaliwe kwa karibu. Ikifika 160 kwa 110, ni hospitali siku hiyohiyo.

Dada hakurudia sigara. Alipewa aspirini, alihudhuria kiliniki. Hata hivyo mwezi wa nane usiku, kichwa kilimuuma vibaya, macho yakaona ukungu. Hakuna aliyesema pepo. Ua mzima tulichanga pesa ya gari, na mume wake ndiye aliyembeba mpaka barabarani. Hospitali walimchoma sindano ya magnesiamu, ile inayozuia mtu asianguke kifafa, wakamzalisha. Mtoto alikuwa mdogo kama kuku, lakini alilia.

Kabezi, kusini mwa Bujumbura, ilionyesha jambo hilohilo kwa wanawake wengi. Madaktari Wasio na Mipaka walifungua huko huduma ya bure ya uzazi wa dharura mwaka 2006, gari la wagonjwa likiwafuata wanawake kwenye vituo vya afya. Ripoti yao ya mwaka 2012 ilikadiria kwamba vifo vya akina mama eneo hilo vilipungua kwa asilimia 74. Kilichowaokoa ni gari, mganga na kufika mapema.

Sasa tunawaomba, familia zetu. Mama mjamzito anayevuta, leo siyo kuchelewa. Kuacha mwezi wowote kunamsaidia mtoto. Ukishindwa peke yako, mwambie mkunga, usione haya. Wababa, sigara yako ndani ya nyumba anaivuta naye, basi toka nje, au afadhali muache wote wawili. Na mkiona kichwa kikali kisichotulia, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba ghafla, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, au pumzi kumbana, msingoje asubuhi. Hata baada ya kuzaa, muangalieni wiki 6, maana kifafa kinaweza kuja mtoto ameshazaliwa.

Wekeni akiba ya gari tangu sasa, na mjue ni jirani gani mtamgongea usiku. Tunawatakia nyote uzazi salama.