Wataanza Saa Ngapi?

Ukitaka kuwapeleka watoto Takwa, ulizia maji kwanza. Habari za tiketi na hoteli zitafuata. Magofu yale yako Kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mji wa Lamu, na njia ya kuyafikia ni mkono wa bahari unaopenya katikati ya mikoko. Maji yakijaa, mashua inaingia hadi karibu. Yakipwa, hubaki tope na mizizi, na hapo nahodha hata akupende vipi hana la kukufanyia. Kwa hiyo safari yetu niliipanga nikianzia na mwezi: bamvua inaangukia siku gani, maji yanajaa saa ngapi, na watoto watakuwa wamekunywa chai au bado. Karatasi yenye mahesabu hayo niliibandika kwenye friji yetu Nairobi. Binti yangu, ambaye amefikia umri wa kuhoji kila kitu, akaisoma, akauliza ni likizo ya aina gani hiyo inayopangiwa ratiba na mwezi.

Nililipenda swali lake. Sisi wazazi wa mijini tumezoea likizo inayotungoja. Bwawa la kuogelea liko palepale, chakula kimewekwa mezani, na jioni kuna burudani. Mzazi anacholeta ni watoto na pesa. Lakini mji wenye watu una shughuli zake, na mgeni ndiye anayejipachika ndani ya shughuli hizo.

Ziko sehemu duniani ambako historia imepangiwa saa za kufungua na kufunga. Stockholm kuna Skansen, iliyofunguliwa mwaka 1891 na Artur Hazelius. Alihamisha nyumba kongwe kutoka sehemu mbalimbali za Sweden, akazijenga upya mahali pamoja, na watu waliovaa mavazi ya kale wakawa wanawaonyesha wageni jinsi kazi za zamani zilivyofanywa. Marekani kuna Williamsburg, katika jimbo la Virginia, mji uliofufuliwa kuanzia miaka ya 1920 kwa fedha za John D. Rockefeller Mdogo. Kwetu, mtoto wa Dar es Salaam hupelekwa Kijiji cha Makumbusho akaone nyumba za makabila mbalimbali ya Tanzania, na wa Nairobi hupakiwa basi la shule hadi Bomas of Kenya. Sizidharau sehemu hizi. Mtoto anaona kwa mchana mmoja mambo ambayo mimi nilisimuliwa tu, na choo kiko karibu, jambo ambalo mzazi hulithamini kuliko mwanahistoria.

Lamu ni habari nyingine. UNESCO waliuingiza Mji wa Kale katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, kwa kuwa ndio mji wa Waswahili ulio mkongwe kuliko yote Afrika Mashariki na uliohifadhika vizuri zaidi, na watu wameishi humo mfululizo kwa zaidi ya miaka 700. Hakuna aliyevalishwa kanzu kwa ajili yako. Mwenye kanzu anakwenda msikitini, na punda aliyebebeshwa mifuko ya saruji anapeleka saruji kwa mtu anayejenga.

Mwanangu wa kiume alichelewa kulielewa hilo, na sikushangaa. Tulikuwa tumekaa Mkunguni, kwenye uwanja ulio mbele ya ngome, chini ya kivuli. Wazee walikuwa barazani wanabishana, watoto wa chuoni wanapita na misahafu yao, muuza matikiti anakokota mkokoteni wake. Kijana wangu alitulia kwa adabu, mikono mapajani, kama alivyofundishwa kukaa Bomas. Uvumilivu ulipomwishia akaniinamia: "Mama, wataanza saa ngapi?"

Mama yangu, tuliyekuwa naye safarini, ndiye aliyemjibu. "Wamekwisha kuanza, mjukuu wangu. Wewe ndiye uliyechelewa kuja."

Ninapoulizwa na wenzangu jinsi ya kupanga safari kama hii, huwa nahisi wanangoja niwatajie hoteli. Hoteli zipo, na nyumba za wageni zipo, za bei ya kila mfuko. Mimi huanza na adabu, kwa sababu huko ndiko nilikopoteza muda mwingi kabla hatujaondoka. Nilikaa na watoto nikawaambia: tunakwenda kwa watu. Nguo za kuogelea ni za ufukweni, Shela, wala hampandi nazo vichochoroni. Mtu hapigwi picha kabla ya kuombwa, na akikataa hanuni mtu. Daka la nyumba, pale penye mabaraza mawili ya mawe mbele ya mlango, ni sehemu ya nyumba ya watu. Ukitaka kupumzika hapo, toa salamu kwanza. Ukisikia "simile!" nyuma yako, bana ukutani, maana vichochoro vingine vinatosha punda mmoja na mzigo wake tu. Ijumaa adhuhuri usitarajie duka. Binti yangu alisema hayo ni masharti mengi mno kwa likizo. Nikamwambia akienda kwa shangazi yake Kisauni anafuata mengi kuliko haya, ila ameyazoea hata hayahesabu tena.

Swali la msimu nalo lilitusumbua. Tamasha la utamaduni la Lamu huwa Novemba mara nyingi, lina mashindano ya punda na ya mashua, na Maulidi ya Msikiti wa Riyadha hukusanya watu kutoka pwani nzima na hata nje ya nchi. Rafiki zangu wote walinishauri twende wakati huo. Nikakataa. Wakati wa tamasha mji unajipamba, una haki ya kujipamba, lakini mtoto anayeuona kwa mara ya kwanza atadhani punda wa Lamu kazi yao ni mbio. Nilitaka wauone katika wiki isiyo na jina. Tamasha tutalirudia wakishajua punda wa siku za kawaida anabeba nini.

Juu ya njia nitasema kidogo. Kuna ndege kutoka Nairobi hadi Manda, nayo inatafuna mfuko wa familia bila huruma. Kuna basi la kutoka Mombasa kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, na kutoka Mokowe ni boti. Barabara ile imewahi kushambuliwa, na yamepita majira ambapo magari yalisafiri kwa kusindikizwa na polisi. Ulizia hali ilivyo wiki ile unayosafiri, muulize mtu anayeitumia, na safiri mchana. Hapo hakuna busara nyingine ya kuongeza.

Nilichokipanga kwa raha zaidi ni maswali. Kila mtoto alipewa swali lake la kuondoka nalo nyumbani, naye angelitafutia jibu mwenyewe. La mdogo lilikuwa hili: kwa nini vyumba vya nyumba za zamani za Lamu ni virefu lakini vyembamba? Basi kila nyumba tuliyokaribishwa aliipima kwa hatua, kisigino kwa kidole, mbele ya wenyeji waliokuwa wakicheka. Urefu ulibadilika, upana ukakataa kubadilika. Jibu alilipata kwa kuinua shingo. Dari imelala juu ya boriti, miti ya mikoko, na boriti ina kimo chake. Ukiitandaza kutoka ukuta hadi ukuta, inafika mita mbili na nusu, karibu tatu, basi. Ukuta wa matumbawe unaweza kwenda mbali upendavyo, ila upana wa chumba umeamuliwa na mti uliokatwa mikokoni. Boriti hizohizo zilipakiwa majahazini zikapelekwa Uarabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu. Mtoto akaniuliza kama na huko vyumba ni vyembamba. Nilimwambia hilo ni swali la safari nyingine, ya gharama zaidi.

Swali la binti yangu nilimwachia alichague. Alilipata ndani ya ile nyumba ya Kiswahili ya karne ya 18 iliyogeuzwa makumbusho. Ni nyumba ya kupendeza. Unaingia chumba baada ya chumba, kila kimoja kina faragha kuliko kilichotangulia, na ukuta wa ndani kabisa umejaa zidaka, vile visanduku vya chokaa vilivyonakshiwa ambamo viliwekwa vyombo vya kauri. Mwongoza wageni alieleza vizuri habari za bibi harusi, za wageni, za mapishi. Binti yangu akamsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Maji yote haya ya kuogea na kupikia, nani alikuwa anayapandisha?"

Yule bwana hakumzunguka. Akasema, "Watumwa."

Nilikuwa nimejiuliza tangu Nairobi kama jambo hili niliseme mapema, niliseme hukohuko, au nilinyamazie hadi wakue. Utajiri wa Lamu wa karne ya 19 ulitoka baharini, ni kweli, na ulitoka pia kwenye mashamba ya bara, ng'ambo ya maji, yaliyolimwa na watumwa. Hadhi ya utumwa katika sheria ilifutwa kwenye pwani ya Kenya mwaka 1907. Ukilisema hivyo linasikika mbali. Lakini mama yangu, ambaye alikuwa amekaa kwenye ngazi akipumzisha magoti, alihesabu kwa vidole akasema mwaka ule nyanya yake alikuwa mtoto wa kucheza nje. Nyanya huyo alimlea yeye. Kwa hiyo kati ya binti yangu na 1907 kuna mikono miwili tu.

"Sisi tulikuwa upande gani?" binti yangu aliuliza.

"Pande zote mbili," mama yangu alisema. "Watu wa pwani wengi hivyo. Wengine hawapendi kulisema."

Sikuwahi kumsikia akilisema kabla ya siku ile. Nilitaka kuuliza zaidi, nikaona macho ya binti yangu yamemkazia nyanya yake, nikakaa kimya niwaachie wao.

Usiku ule nilikumbuka habari ya Williamsburg. Oktoba 1994 waliigiza pale mnada wa watumwa, mbele ya umati, na waigizaji wenyewe walikuwa weusi na weupe. Watu walifika kupinga, wakisema maumivu ya wazee wao yamefanywa mchezo wa watalii. Na baada ya kuona, angalau mmoja wa waliopinga alikiri amebadili mawazo. Sijui kama ningewapeleka wanangu kwenye onyesho la namna hiyo. Ninalojua ni kwamba Lamu hapakuhitajika mwigizaji. Palihitajika ngazi za mawe, mtoto aliyewahi kubeba ndoo ya maji wakati mifereji imekauka, na mtu mzima aliyekubali kujibu.

Kuna jingine nililojifunza Lamu, nalo ni la mpangaji mwenye tamaa: acha mchana mtupu. Kila siku tuliweka jambo moja, mwisho. Siku ya ngome ilikuwa ya ngome peke yake. Ilimalizwa mwaka 1821 kwa msaada wa Omani, baadaye ikawa jela hadi mwaka 1984, na kwa mtoto wa kiume jela hushinda mizinga yote ya dunia. Alitaka kujua wafungwa walikuwa wanaonaje bahari. Siku ya kwenda kijiji cha Matondoni tulikaa tu chini ya mti tukatazama mafundi wakikalafati mashua, pamba ikipigwa nyundo kati ya mbao. Ningekuwa nimepanga mawili siku hiyo, tungeondoka kabla fundi hajamwita kijana wangu kushika kamba.

Na Takwa yenyewe, tuliyoifuatia mwezi, ilinitoa katika dhana yangu kwamba magofu angalau yamekwisha. Mji ule ulistawi karne za 15 hadi 17, kisha ukahamwa. Msikiti wa Ijumaa bado una kuta zake, mibuyu imesimama ndani ya maboma, na kuna kaburi la mnara. Nahodha wetu, mtu wa Shela, alivua viatu akasogea pale akaomba dua. Watu wa Shela wanasema wazee wao walitoka Takwa, na bado huja hapa kuomba mvua. Watoto walisimama nyuma yake bila kuambiwa. Kisha akatukimbiza mashuani, maana maji yalikuwa yameanza kurudi.

Ugomvi wa safari nzima ulikuwa mmoja, na ulitokea mezani, kwenye samaki wa kupaka. Kisiwani pikipiki zimeingia, zinapiga kelele pembezoni mwa mji, na wenyeji wanavutana juu ya ziruhusiwe zifike wapi. Upande wa bara, ile bandari mpya iliyopokea meli zake za kwanza mwaka 2021 imeleta ajira kwa baadhi na hofu kwa wavuvi. Binti yangu, akiwa na zidaka na punda kichwani, alitangaza kwamba bodaboda zipigwe marufuku kisiwa kizima, mji ubaki ulivyo, tuukute tukirudi.

Mama yangu alitoa mwiba mdomoni taratibu, akauweka pembeni mwa sahani.

"Mimi jana nilitaka kwenda kuswali Riyadha," alisema, "magoti yakanikatalia njiani. Kijana mwenye bodaboda angenifikisha. Wewe unayetaka wasiwe na pikipiki, unakaa mtaa gani hapa?"