Mali ya Mjerumani

Huku Mbinga na kule chini ziwani, Liuli na Mbamba Bay, si rahisi kupata kijiji kisicho na habari ya mali ya Mjerumani. Husemwa kwamba Wajerumani walipokuwa wakikimbia vita walifukia masanduku ya dhahabu chini ya mti fulani, kando ya jiwe fulani, au chini ya msingi wa kanisa la zamani. Siku hizi habari hiyo imepata mashine. Watu huchangishana fedha, hukodi mashine ya kupimia madini, huingia nayo msituni, na pale inapolia huchimba.

Sisi Walutheri ni wachache hapa, kati ya Wakatoliki wa milimani na Waanglikana wa ziwani. Lakini kwa kuwa wamisionari wa kwanza wa Kilutheri kusini mwa nchi yetu walitoka Ujerumani, wapo wanaoamini kwamba ramani ya mali hiyo imo katika kabati la usharika. Tumezoea kulijibu swali hilo kwa kicheko. Hata hivyo, linahitaji jibu lililo zito kuliko kicheko.

Vita vilifika kwetu kweli. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliingia ghuba ya Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, ikaipiga kwa mzinga meli yao, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wake alikuwa hajapata hata habari kwamba vita vimeanza. Dhahabu nayo ilikuwapo, ila si huku. Mwaka 1916, huko Tabora, Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kama 16,000 hivi, kwa sababu fedha zilikuwa zimewaishia. Novemba 1917 jeshi lao lilivuka mto Ruvuma kwenda Msumbiji likiwa na upungufu wa chakula na risasi. Lilirudi Septemba 1918, likapita upande wa Songea kuelekea kaskazini, na likasalimu amri Novemba mwaka huo huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Jeshi lenye njaa namna hiyo halifukii masanduku ya dhahabu kila kijiji.

Kilichobaki ardhini ni kingine. Mizigo ya pande zote mbili ilibebwa vichwani na mabegani mwa Waafrika. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa, kuhara na homa, wengi wao wakazikwa kando ya njia bila jina. Askari alizikwa pengine na kifungo cha shaba au ganda la risasi. Mpagazi pengine hakuwa na chuma mwilini. Mashine ikipita juu yake hailii.

Neno hilo tuliliona wazi siku vijana watatu wa usharika wetu walipotujia baada ya ibada. "Baba Mchungaji," alisema mkubwa wao, "mashine imelia, lakini mali ile ina mazindiko. Tunaomba kanisa lije liombee, tusije tukaenda kwa mganga." Mmoja wao tulimpa kipaimara wenyewe. Baba yake alikuwa ameuza magunia mawili ya kahawa ili kununua fungu katika uchimbaji ule, na ndani ya magunia hayo ilikuwamo ada ya shule ya binti yake.

Baadhi ya wazee wa kanisa walitaka tuwafukuze. Wengine walisema tukiwafukuza, jioni watakuwa kwa mganga. Tukaenda nao. Shimo lilikuwa linamzidi mtu kimo. Kando yake palikuwa na maganda ya risasi yaliyoota kutu, na chini kabisa kipande cha chuma, kizito na cha mviringo, ambacho kijana mmoja alikuwa tayari kukigonga kwa sururu ili kuona kama ndani mna kitu. Tukamwambia atoke shimoni. Mwenyekiti wa kijiji akawapigia polisi, nao wakakataza mtu yeyote kusogea.

Tulipokuwa tukiwasubiri, tuliwasimulia habari za Akani katika Yoshua 7. Yeye alifukia fedha na dhahabu ya vita chini ya hema yake, na nyumba yake yote ikaangamia. Mali ya vita huwa na mwenyewe aliyeporwa, nayo haigeuki kuwa baraka kwa kuwa imekaa ardhini miaka mia. Kisha tukaomba, lakini si kama walivyotuomba. Tulimshukuru Mungu kwamba anawajua kwa majina wale waliokufa na mizigo ya wengine, tukamwomba awalinde walio hai na njaa ya utajiri wa ghafla.

Baba wa yule kijana alisimama kimya muda wote. Yeye ni Mmatengo, na mtu wa milima hii hahitaji kufundishwa habari za mashimo. Tangu zamani watu wake wanalima ngoro. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, wanawake huzifunika kwa udongo wa katikati, na pale katikati hubaki shimo. Matutani hupandwa maharage, na msimu unaofuata mahindi. Shimo hushika maji ya mvua na kuzuia udongo usiporomoke. Ndiyo maana miteremko hii mikali bado inalisha watu. Yeye ndiye aliyesema, "Shimo hili likiachwa hivi, masika yatakata mlima."

Polisi walipokwisha kukiondoa kile chuma, alirudi na wanawe kulifukia. Ada ya binti ilichangwa na usharika kwa muhula mmoja. Muhula wa pili aliitafuta mwenyewe. Kijana mmoja kati ya wale watatu bado anakodi mashine. Jumapili huja ibadani, hukaa kiti cha nyuma, nasi humsalimu kwa jina lake.