Goti la Mama

Mama yangu ana umri wa miaka 68. Anaishi Butimba, juu kwenye mawe. Kwa miaka mingi alianika dagaa kando ya ziwa. Kila jioni alipanda mlima na ndoo ya maji kichwani.

Mimi ni afisa elimu ya watu wazima. Mama alikuwa mwanafunzi wa darasa la jioni. Wiki moja hakuja. Wiki ya pili hakuja. Nikaenda nyumbani. Nilimkuta amekaa mkekani, miguu ameinyosha.

"Shikamoo mama. Mbona huji darasani?"

"Marahaba mwanangu. Kusoma nataka. Kuinuka ndiyo kazi. Magoti yanauma."

Nilimwambia apumzike, asitembee. Nikamnunulia vidonge vya maumivu dukani. Alivimeza kila siku kwa miezi miwili, mara nyingi kabla ya kula.

Nilikosea mara mbili. Kwa kukaa tu, miguu iliishiwa nguvu. Kwa vidonge, tumbo lilipata vidonda. Siku moja mama alipata choo cheusi kama lami. Ilikuwa damu iliyovuja tumboni. Tulimkimbiza hospitali. Alipona, lakini nusura nimpoteze mama kwa mkono wangu mwenyewe.

Daktari alitueleza ugonjwa wa magoti. Je, umewahi kutazama mwisho wa mfupa wa mguu wa ng'ombe? Una kitu cheupe, laini, kinachoteleza. Hiyo ni gegedu. Gegedu huzuia mifupa isisagane. Kwa wazee wengi gegedu hulika. Goti huuma, huvimba na kukakamaa. Si uchawi. Hakuna dawa ya kuumaliza ugonjwa huu, lakini maumivu yanaweza kupungua.

"Nani atamtibu?" nikauliza.

"Mtu mmoja hatoshi," akajibu.

Ikawa kweli. Daktari alimkataza vidonge vile, akampa dawa ya kupaka.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimfundisha hivi: Kaa kitini. Nyosha mguu mmoja. Hesabu mpaka 5. Ushushe polepole. Rudia mara 10, kisha fanya mguu wa pili. Misuli ya paja ikipata nguvu, hulisaidia goti. Alimfundisha pia kushika fimbo. Goti la kulia likiuma zaidi, fimbo ishikwe kwa mkono wa kushoto.

Mtaalamu wa lishe alimshauri apunguze unene. Ukipungua kilo 1, kila hatua goti hupunguziwa mzigo wa kilo 4 hivi. Mama alipunguza mafuta, sukari na ugali. Mboga aliongeza. Samaki hakuacha.

Jirani yetu seremala alitengeneza kiti chenye tundu cha kuweka chooni, maana kuchuchumaa kulikuwa mateso. Wajukuu wakachukua ndoo ya maji.

Baada ya miezi mitatu mama alirudi darasani na fimbo yake. Siku nyingine magoti bado huuma. Lakini kabla ya somo hukaa benchi la mbele, hunyosha mguu na kuhesabu. Siku hizi darasa zima huhesabu naye.

Ndugu msomaji, usimfungie mzee wako ndani. Usimnunulie vidonge bila ushauri wa mganga wa zahanati. Goti likivimba ghafla, likawa la moto, na mgonjwa ana homa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mganga, mtoto, jirani na mgonjwa mwenyewe, kila mmoja ana kazi yake.

Tujadiliane
1. Afisa alikosea mambo gani mawili?
2. Ni watu gani waliomsaidia mama, na kila mmoja alifanya nini?
3. Katika kijiji chetu, ni mzee gani ameacha kuja darasani? Tumsaidieje?